Amplifaya ya Mjomba na Ile Iliyofanana Nayo

Amplifaya ya mjomba wangu ilibebwa na watu wawili, na sijawahi kumwona aliyeibeba bila kulalamika. Lilikuwa boksi la mbao lililovalishwa ngozi ya plastiki ya kahawia. Ndani yake kulikuwa na transfoma mbili za chuma, spika moja pana, na kwa nyuma taa saba za vioo zilizosimama wima. Mafundi wa zamani waliziita valvu. Sisi tuliziita taa kwa sababu ziliwaka, basi.

Ukiiwasha haikukupa sauti papo hapo. Ilikaa kimya karibu dakika nzima, taa zikianza kuwa nyekundu taratibu, ndipo ukasikia mvumo mdogo kwenye spika, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Mjomba alikuwa akishaiwasha anaondoka. Anakwenda kusalimiana na watu, anaulizia wagonjwa, kisha anarudi na kuchukua gita. Akiulizwa kwa nini hapigi, anasema iacheni ivute pumzi. Na shughuli ikiisha, ilikuwa marufuku kuinyanyua mpaka ipoe, maana taa ya moto ukiitikisa inaweza kufa. Katika muda huo wa kusubiri aliweka viganja vyake viwili juu ya boksi, hasa mwezi wa saba, akaota joto lake huku akipiga soga.

Aliipata wakati akipiga gita la solo katika bendi ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, Shinyanga. Bendi ilikufa, kiwanda nacho kikafungwa, na amplifaya ikabaki nyumbani kwake kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuja kuichukua. Mimi ni mtoto wa dada yake. Alinifundishia hapo hapo, akinigonga vidole kwa kijiko kila nilipokosea, na presha ya macho ilipoanza kumfunika akanikabidhi. Alinipa masharti mawili. La kwanza, nisibadilishe kitu chochote ndani bila kumwambia. La pili, kila nikienda Shinyanga niende nayo, aisikie.

Macho yalipokwisha kabisa alibaki na jambo moja la kujivunia. "Macho yameondoka," aliwaambia watu wote, daktari wa macho akiwemo, "lakini masikio yako palepale." Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nikiingia uani kwake, kabla sijafungua mdomo, ananiita. "Mjomba huyo," anasema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, kila mmoja mjomba wa mwenzake. Alijua mwendo wangu kwenye changarawe. Alijua jirani gani amepita, na kama ndoo yake ina maji au ni tupu.

Niliichukua amplifaya pamoja na kiburi chake. Naishi Kahama, na kwa miaka mingi bendi yetu ndogo ilipiga kila Jumapili mchana katika ukumbi mmoja wa Masumbwe, wateja wengi wakiwa wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu waliotoka kila kona ya nchi. Wapiga gita wengine walipopita na amplifaya zao mpya zinazong'aa, niliwachosha kwa hotuba. Niliwaambia hii yangu ukigusa nyuzi kwa upole inanong'ona, ukizigonga kwa hasira nayo inakasirika, na pale mwisho wa nguvu zake sauti inapasuka kidogo, lakini inapasuka kwa utamu. Hizo zenu hazijui mmeamkaje leo. Walicheka, wakaniita mzee wa makumbusho. Sikujali. Nilijua kuna mtu mmoja Shinyanga anayesikia ninachosikia, na mmoja alinitosha.

Mpiga dramu wetu alikaa nyuma yangu, kwa hiyo alikaa nyuma ya amplifaya. Kwa miaka minane alizitazama zile taa kwa karibu kuliko mimi mwenyewe. Siku za kazi alikuwa kwenye karasha, ule mtambo wa kusagia mawe, upande wa Bulyanhulu. Kazi yake ilikuwa kuosha unga wa mawe kwenye karai na kuuchanganya na zebaki ili ikamate dhahabu. Alikuwa mtu mwangalifu mno. Zebaki ikimponyoka ikateleza chini, aliifuata kwa magoti na kipande cha karatasi mpaka airudishe kwenye kichupa.

Sasa, ndani ya kila taa ya namna ile, juu kwenye kichwa cha kioo, kuna rangi ya fedha inayong'aa. Nimekuja kuelezwa na fundi kwamba ni utando tu, unawekwa kiwandani ili kunyonya hewa iliyobaki ndani. Mtu wa kwingine angeiona akadhani ni pambo. Mtu aliyeshinda na zebaki viganjani tangu ujana aliiona akajua ni zebaki, na hakuwa na shaka hata chembe. Mwaka huo zebaki iliadimika, wauzaji wakawa wanajificha, na kwenye karasha watu walikaa wakitazama unga wao bila la kufanya. Ndipo akazikumbuka taa saba zilizokuwa stoo ya ukumbi, Masumbwe.

Alizifuata Jumatatu asubuhi. Alikuja na karai lake, akalitia maji, akazivunja taa moja moja juu ya yale maji, kila moja kaizungushia kitambaa ili tone lisiruke. Kioo kilipopasuka tu, ile fedha iligeuka nyeupe kama majivu, halafu haikuwepo. Kule machimboni watu husema mali hukimbia ikijua aliyeishika si mwenyewe. Yeye aliamini hivyo. Alivunja ya pili kuona kama nayo itakimbia, akavunja ya tatu, akaendelea hadi ya saba, kila mara akidhani hii itatulia. Kisha akakusanya vioo vyote, akavifunga kwenye gazeti, akavirudisha ndani ya boksi kwa adabu, akanipigia simu yeye mwenyewe.

Nilipofika alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, karai miguuni. Alinieleza yote bila kuficha, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nilidhani ni taa tu, kaka," alisema. "Taa si zinauzwa?"

Nilimwita mwizi. Nilimwita mjinga, mbele ya wahudumu wa ukumbi, na nikaongeza mengine kuhusu kwao ambayo sitayaandika. Alibeba karai lake akaondoka, na Jumapili iliyofuata hakutokea, wala iliyofuata. Mpiga besi naye akachoka kuja kukaa na mtu aliyenuna. Bendi ya miaka minane ilikwisha bila hata kikao.

Fundi wangu wa Kahama hakukata tamaa upesi kama mimi. Aliagiza taa kutoka nje ya nchi, akisema siku hizi zinatengenezwa upya, kwa namba zilezile na umbo lilelile la zamani. Zilikaa wiki nyingi njiani. Zilipofika akazipachika, akaiwasha, nami nikaondoka hatua chache kwenda kusalimia watu kama mjomba. Sikufika hata mlangoni. Taa moja ilitoa mwanga wa bluu, amplifaya ikanguruma, harufu ya lami inayoungua ikajaa kibandani mwake. Alipochomoa waya ukutani, transfoma kubwa ilikuwa inafuka moshi.

Fundi alisubiri ipoe, akafungua. Alisema taa moja ilikuja na ubovu wake, jambo la kawaida kwa hizi mpya. Kwa kawaida fyuzi ingekatika, tungebadilisha taa, tukaendelea na maisha. Akafungua mahali pa fyuzi akanionyesha. Hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na unyuzi wa waya wa shaba, umesokotwa vizuri.

"Nani aliweka hii?" aliuliza.

Niliiweka mimi. Ilikuwa kwenye sherehe moja karibu na Bulyanhulu, jenereta likipanda na kushuka, fyuzi ikakatika mara tatu mchana mmoja na watu wakaanza kuzomea. Nilichuna waya wa taa ya ukutani, nikasokota unyuzi, nikaweka. Nilijiambia ni kwa siku ile tu. Nani katika mkoa huu hajafanya hivyo nyumbani kwake? Ulikaa mle miaka sita. Nami ndiye niliyeahidi kutobadilisha kitu ndani bila kumwambia mwenyewe.

Kwa hiyo mpiga dramu alivunja vioo, na vioo vingepatikana. Aliyeiua ni mimi. Miezi yote ile nilikuwa nalala na hasira juu ya mtu ambaye kosa lake lilikuwa dogo kuliko langu, na niliona aibu mpaka nikakosa pa kutazama humo kibandani. Nilikwenda kwenye karasha kumtafuta. Waliniambia alishaondoka, amefuata mlipuko mpya wa dhahabu, machimbo yaliyoibuka majuzi, wengine wakisema upande wa Geita, wengine wakisema mbali zaidi. Simu yake haikupatikana. Mmoja aliniambia dramu aliziuza, kwa kuwa alisema mkono wake umeingia nuksi tangu mali imkimbie. Mpaka leo sijamwona.

Transfoma ile ingeweza kusukwa upya. Fundi alimjua mtu wa kuisuka, Mwanza, na akampigia nikiwa pale pale. Simu ilipokewa na mwanawe. Mzee alikuwa amefariki, na kwenye kibanda chake sasa wanauza makava ya simu.

Mama mwenye ukumbi wa Masumbwe alinihurumia. Alinunua amplifaya mpya kutoka Dar, na kwa wema wake alitafuta iliyofanana na ile. Na kweli ilifanana. Ngozi ya kahawia, kitambaa cha mbele cha rangi ya ngano, vitufe vilevile, hata kile kitaa chekundu cha pembeni. Kampuni huko nje zimegundua kwamba watu wanalilia vya kale, zikaamua kuvitengeneza upya. Niliibeba kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika chai. Ndani hakukuwa na taa hata moja, ila bodi nyembamba iliyojaa vidude vidogo. Ukiiwasha inaongea pale pale. Nyuma kuna kitufe kimoja, na kwa maelezo ya fundi, ukikibonyeza sauti inakuwa ya zamani. Ukikibonyeza tena, inarudi leo.

Nilitamani iwe mbaya, lakini haikuwa mbaya. Ilikuwa safi, sawasawa, isiyochoka, na ukigonga nyuzi kwa hasira ilipasuka mahali palepale, kiasi kilekile, kila mara. Nilipiga peke yangu Jumapili tatu na midundo ya kwenye kompyuta nyuma yangu. Watu walicheza. Hakuna aliyekuja kuniuliza ile nyingine imekwenda wapi. Jambo hilo liliniuma kuliko moshi wa transfoma.

Mwezi wa saba binamu yangu, binti wa mjomba, alinipigia kutoka Shinyanga. Figo za baba yake zilikuwa zimechoka, hospitali walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani, na wote tulielewa maana ya kuruhusiwa namna ile. "Anasema umletee amplifaya yake aisikie," aliniambia. "Hataki kitu kingine."

Ningeweza kusema ukweli kwenye simu ile. Nilisema nitakuja keshokutwa. Kisha nikaiazima ile mpya kwa mama mwenye ukumbi, nikaenda kwa fundi, nikamwomba aing'oe bodi yake na kuifunga ndani ya boksi la zamani, ikitumia spika ya zamani. Transfoma zilizokufa nilimwambia aziache mlemle ili boksi lisipungue uzito. Fundi aliweka bisibisi chini.

"Huyo mzee ni kipofu," alisema. "Hukuniambia kama ni mjinga."

Lakini aliifanya kazi, na aliifanya vizuri.

Nilifika Shinyanga saa tatu asubuhi, kipupwe bado kiko hewani, mimi na dereva wa bajaji tukihema na lile boksi kwenye changarawe. Mjomba alikuwa amelazwa sebuleni, karibu na dirisha, mablanketi mawili juu yake. Alikuwa amebaki mifupa na sauti.

"Mjomba huyo," alisema kabla sijafika mlangoni. "Na umekuja nayo, nawasikia mnavyohema."

Nilimwamkia, akaitikia, tukaiweka karibu na kitanda. Alipeleka mkono akaipapasa mpaka akaipata ile kona iliyoungua kwa sigara enzi za kiwanda, akacheka peke yake. Nilichomeka waya. Niliiwasha. Ilikuwa tayari papo hapo, nami nikaketi bila kugusa gita, kwa sababu ile ya zamani ilihitaji dakika yake. Mjomba aliweka kidole juu kutunyamazisha.

"Inavuta pumzi," alimwambia binti yake.

Tukakaa kimya, watu wazima watatu, tukikisubiri kitu kisichohitaji kusubiriwa. Dakika hiyo ndiyo niliyopewa ya kusema. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, waya, moshi, kila kitu, na niliyameza moja moja huku nikitazama kile kitaa chekundu. Kisha nikapiga wimbo wa kwanza alionifundisha, ule wa vidole viwili, polepole, na baadaye kwa nguvu ili sauti ipasuke kule mwisho.

Uso wake ulifunguka. Kwa miaka mingi sikuwahi kuuona hivyo.

"Hiyo ndiyo," alisema. "Umesikia, mayu?" Mayu ni mama kwa Kisukuma; alimwita binti yake hivyo kwa kuwa binti alirithi jina la mama yake mzazi. "Hizi za madukani siku hizi hata wazipake dhahabu hazifiki hapa. Macho yameondoka, lakini masikio yako palepale."

Binamu alinitazama kwa shukrani, nami kwa dakika tano au sita nilikuwa mtu mwenye furaha. Niliona uongo wangu umezaa kitu chema. Nilizima, nikaanza kukunja waya, nikainama kulishika boksi.

"Iache ipoe kwanza," mjomba alisema.

Nikaliacha. Akatoa mikono yote miwili chini ya mablanketi, taratibu, akaileta juu ya boksi kuota joto, kama alivyofanya maisha yake yote. Mikono ilitulia pale. Kisha kiganja kimoja kikasogea kuelekea nyuma, mahali ambapo taa zilikuwa zikichoma kabisa, kikakaa, kikasogea tena. Binamu hakuelewa. Mimi nilikuwa naitazama ile mikono.

"Ilikufa lini?" aliuliza.

"Mwezi wa tatu, mjomba."

Nikamweleza. Sikuacha kitu, hata ule unyuzi wa shaba, tena huo nilieleza kwa kirefu nikitaka anitukane. Laiti angenitukana. Hakuuliza habari za waya, wala za mpiga dramu. Alikuwa na swali moja tu.

"Niliyoisikia sasa hivi ni hiyo mpya?"

"Ndiyo."

Alirudisha mikono chini ya blanketi, mmoja, halafu wa pili. Alimwambia binti yake anataka kulala. Nilikwenda kumpa sauti yake ya ujana, nikamwachia habari kwamba hata masikio hayapo. Aliisikia habari hiyo kutoka kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya mtoto wake, baada ya kujisifu. Kama ningemwambia amplifaya imekufa, angelia siku mbili akabaki na masikio yake.

Niliibeba amplifaya ile kurudi nayo Kahama. Fundi alirudisha bodi kwenye boksi lake, na boksi la mjomba liko kwangu, chumbani, nguo zinakaa juu yake.

Binamu aliniambia kwamba tangu siku ile mzee aliacha ile kauli yake. Majirani walipopita hakuwataja tena, na redio aliyokuwa akiisikiliza jioni aliomba iwekwe chumba kingine. Nilikwenda kumwona mara ya mwisho mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha. Nilipita kwenye changarawe ileile kwa mwendo uleule, na karibu na dirisha nikakanyaga kwa nguvu, makusudi. Hakuniita. Niliingia, nikasimama pale ambapo amplifaya ilikuwa imekaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mjomba. Wa Kahama."

Aligeuza uso upande wangu.

"Haya," alisema. "Kama unasema ni wewe."